Inchi Mbili za Sponji na Bunduki ya Mrusi

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Barua imefika. Mhuri mwekundu. Kila mwenye bunduki iliyozidi miaka hamsini aipeleke uwanja wa shabaha Jumamosi hii. Atarushiwa visahani kumi vya udongo, na kila kimoja anaruhusiwa risasi mbili. Akivunja vinne, leseni inaendelea. Asipovunja vinne, bunduki yake itatobolewa mitutu na kubaki pambo. Pambo! Mrusi wangu!

Mrusi ana miaka sitini na sita. Mitutu miwili, ubavu kwa ubavu, na nyundo mbili za nje zilizosimama kama masikio ya sungura anayesikiliza. Ubavuni ana herufi nisizojua kuzisoma. Nilimnunua kwa fundi saa, kwa jasho langu mwenyewe, mimi niliyeanza na magunia mawili ya sufi nikishona magodoro barazani. Leo nina karakana na mashine tatu. Sikurithi hata kijiko.

Jioni naketi naye tu, bila risasi. Navuta nyundo ya kulia: ka! Ya kushoto: ka! Harufu ya mafuta na mti wa zamani. Hapo humwona mtu wa mbali, kofia ya manyoya, akipita kimyakimya kati ya miti mirefu, pumzi ikimtoka kama moshi. Sijui ni nani. Nahisi ni mimi.

Kasoro ni moja. Mrusi ana teke, akifyatuka anakupiga begani. Tangu nimnunue nimepiga mara sita. Mara tano nilifumba macho. Ya sita nilivuta vifyatulio vyote viwili kwa pamoja, nikajikuta nimekaa chini natazama mawingu. Yalikuwa mawingu mazuri, lakini hayahesabiwi.

Shemeji, kaka wa mke wangu, ndiye katibu wa klabu ya shabaha. Ana bunduki mpya inayojipakia yenyewe. Kanipigia simu kunipa pole kabla ya msiba. Anasema gobore langu lisihangaike, nafasi ipo kwenye ukuta wa baa yake. Misumari miwili ameshapigilia. Eti kakadiria urefu kwa macho!

Jumanne, tarehe 5 Machi

Dawa imepatikana. Mchana nililala ghalani juu ya magodoro kumi na mawili, kama kawaida yangu nikitaka kufikiri. Chembe za sponji zinaelea kwenye mwali wa jua. Nikaota nimekuwa mwepesi, naelea kati ya visahani, navichuma kimoja kimoja kama mapera. Nikaamka na jibu mikononi. Nilikuwa nimekumbatia kipande cha sponji.

Hesabu yenyewe: mteja wa kilo mia na ishirini analalia sponji ngumu ya inchi nane miaka kumi bila kulalamika. Bega ni sehemu ndogo ya mtu. Inchi mbili zinatosha na chenji inabaki.

Nikamwagiza mke wangu anishonee koti lenye sponji begani. Yeye ndiye wa mashine ya kwanza, anashona mifuko ya magodoro na hajawahi kukosea kipimo. Kachukua utepe. Kapima mkono wangu, kapima na Mrusi. Kisha akasema, baba watoto, mikono yako haijarefuka. Ukiongeza inchi mbili begani, ni kama bunduki ndiyo imerefuka inchi mbili. Itakukwama kwapani. Nikamwambia mambo ya foronya na mambo ya bunduki hayalali kitanda kimoja.

Akasema sawa. Hiyo sawa yake naijua. Ina kona.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Mazoezi. Koti zuri ajabu. Visahani kumi na viwili. Nimevunja sifuri.

Lakini teke sikulisikia hata kidogo! Ni kwamba nikiinua, kitako kinanasa kwapani. Nakichomoa, nakiweka begani, kisahani kimeshapita. Basi napiga pale kilipokuwa. Pazuri sana pale, buluu tupu. Moshi unatoka, unakaa kidogo, unaondoka taratibu kama mgeni mwenye adabu. Kuna wakati nilisahau kabisa kwamba nakosa.

Mara nne nilisahau kuvuta nyundo. Unafyatua, kimya. Bunduki za wenzangu zinajiandaa zenyewe. Mrusi anataka aamshwe kwa kidole gumba, kila mara, kama mtu mzima anayejiheshimu.

Shemeji alikuwepo, mikono mfukoni. Akauliza mbele ya watu, “Shemeji, unalenga shabaha au unahama nyumba?” Walicheka mpaka mrusha visahani akauacha mtambo wake. Kisha shemeji akajifanya mwema, akanishauri nivue hilo godoro. Ushauri wa adui! Mtu ana misumari miwili ukutani, anakwambia vua kinga, na wewe unavua? Sikuvua.

Sababu ya kukosa nimeigundua njiani. Sponji ni nyembamba, kwa hiyo bega bado lina wasiwasi wa ndani. Nimemwambia mke wangu aongeze inchi moja. Kauliza kama nina hakika. Nikamjibu hesabu haidanganyi.

Akasema sawa.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Nilipita kwenye baa ya shemeji, nikiwa na kiu tu. Misumari nimeiona. Katikati yake ukuta umepakwa rangi upya, na juu kafunga taa ndogo. Nikaagiza soda. Kwa muda nikamwona Mrusi pale, mitutu imetobolewa, nyundo zimelala, akisikiliza walevi wakibishania mpira mwaka baada ya mwaka, na hakuna kidole cha kumwamsha. Soda ilinishinda. Nikaiacha nusu.

Nyumbani nikampakata, nikamfuta kwa kitambaa laini. Mke wangu kasimama mlangoni, kanitazama sana. Akauliza, kwani kweli unampenda hivyo? Nikasema ndiyo. Akasema basi lala mapema, mfuko wako wa kesho nitaupanga mwenyewe.

Mke mwema!

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Nimesalitiwa na mke wangu!

Nafungua mfuko uwanjani: risasi, chupa ya maji, taulo, shati langu jepesi la kazini. Koti hakuna. Mwanamke ambaye miaka kumi na tisa ya ndoa hajawahi kusahau hata pini, leo kasahau koti! Nikampigia simu. Akasema maskini, limebaki kwenye mashine. Nivae lile shati jepesi, na nisisahau nyundo. Akakata.

Afisa wa leseni ni mama wa miwani anayeitwa afande hata na shemeji. Nikamwomba dakika arobaini nikalete koti. Akasema ofisi yake haijawahi kusubiri godoro. Nani alimwambia? Shemeji alikuwa anatazama viatu vyake. Mfukoni mwake utepe wa kupimia unaning'inia. Safari hii alikuja kupima kwa uhakika!

Cha kwanza, nikakosa. Teke! Cha pili, nikakosa. Teke juu ya teke! Cha tatu, bega lilishauma kiasi kwamba sikuona tena la kuogopa. Ka, ka. Mrusi akapanda mwenyewe, akakaa shavuni kama mtoto anayejua mto wake. Kisahani kikapita polepole, jani juu ya maji. Nikavuta. Kikawa vumbi jekundu, na vumbi likabaki hewani kama halina haraka. Cha nne, vumbi. Cha tano, nilisahau nyundo. Cha sita, vumbi. Cha saba na cha nane niliishia kuvitazama, vilikuwa vizuri mno. Cha tisa, nikakosa.

Vitatu. Kimebaki kimoja. Shemeji akatoa utepe.

Cha kumi. Mtutu wa kulia ukakosa. Kikaenda, kikawa kidogo kama punje. Nikasikia kimya kile cha miti mirefu. Mtutu wa kushoto ndio unaobana marisau, zile chembe za risasi, yasitawanyike mpaka yafike mbali. Nikauachia.

Vumbi!

Afande akagonga mhuri. Miaka mitano. Nilimwambia shemeji misumari ile isimsumbue, inafaa kutundikia kofia.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Bega limekuwa rangi ya bilingani. Mke wangu ananikanda kwa maji ya moto huku namweleza hasara aliyonitia. Hesabu iko wazi. Bila koti, visahani vinne. Koti lina inchi tatu, na kila inchi, kwa uchache, ni kisahani kimoja. Vinne na vitatu, saba. Visahani vitatu vimebaki kwenye mashine ya kushonea!

Hata hivyo nimemsamehe. Mwezi ujao ni shindano la klabu, mimi na shemeji ana kwa ana, na safari hii koti nitalilalia mwenyewe lisisahaulike.

Alikamua kitambaa. Kisha akasema anamwonea huruma kaka yake kwa kumkosa Mrusi. Anafikiria kumshonea zawadi, koti kama langu, alivae kwenye shindano hilohilo. La inchi nne.

Nne! Mume tatu, kaka nne! Kweli damu nzito kuliko maji. Nikamwambia katika nyumba hii inchi nne ni zangu.

Akachovya kitambaa tena kwenye maji ya moto. Akasema sawa.

Simwamini. Nimeshuka ghalani, nimejikatia tano.