Mabaharia Wawili wa Rwamishenye

Jumatatu, 6 Julai 1953. Bukoba.

Meli kutoka Kisumu imeingia asubuhi kuchukua kahawa, na mashine yake imeharibika. Itakaa wiki nzima! Nimemshukuru Mungu, kisha nikaona aibu, kisha nikamshukuru tena. Jana Mchungaji Kagaruki alitangaza kwamba kanisa letu la Kilutheri linatafuta mwinjilisti wa mabaharia. Atapewa baiskeli mpya! Wazee watachagua Jumapili, baada ya kuona nani amewavuta wageni ibadani.

Mimi Ayubu Rutashobya nimepiga kengele ya kanisa miaka tisa. Miaka tisa! Watoto wananiita Bwana Kengele. Nimechoka. Safari hii lazima niwe mtu.

Mpinzani ni mmoja tu, Mama Kokugonza, mjane wa Kibeta. Hajui hata kusoma. Sina wasiwasi.

Jumanne, 7 Julai.

Nilikwenda bandarini na kengele ya mkono. Mabaharia kama ishirini walikuwa wamekaa kando ya bohari, wanakula ndizi na samaki wa Mama Kokugonza. Nikapanda juu ya gunia la kahawa, nikapiga kengele kwa nguvu zangu zote. Lo! Wote wakatupa chakula, wakakimbilia melini. Kumbe kwao kengele ya namna ile ni ya moto! Wakavuta mipira ya maji, wakatafuta moshi kila pembe. Mhandisi, Singasinga mwenye kilemba, alinikuta peke yangu juu ya gunia, akaniuliza panaungua wapi. Nikamwambia ni mioyo ya wenye dhambi. Hakucheka.

Mama Kokugonza aliokota ndizi moja moja, akazipangusa, akawangojea. Wakarudi. Akawauliza habari za mama zao, na kila mmoja alikuwa na mengi ya kusema. Mwanamke yule anasikiliza kwa uso mzima. Nakiri sijawahi kuona mtu wa namna hiyo.

Alhamisi, 9 Julai.

Mchochea moto wa meli, kijana Mjaluo aitwaye Odera, amelazwa hospitali kwa homa kali. Mama Kokugonza ndiye anayemuuguza. Nikapiga hesabu: akipona mikononi mwake, nimekwisha! Basi nikawahi asubuhi kabla yake, na Biblia kubwa kwapani. Nikasoma kwa sauti ya kanisani ile sehemu tunayosoma makaburini, maana ndiyo ninayoijua vizuri. Odera akaanza kulia. Akaniuliza kama daktari ndiye aliyenituma. Nikasema hapana, nimekuja kwa hiari yangu. Akalia zaidi, akaniusia blanketi lake nilipeleke kwa dada yake Kisumu.

Mama akaingia na uji. Hakunigombeza. Akamnywesha huku akiimba wimbo wa kanisa kwa Kijaluo, aliofundishwa na Odera mwenyewe, makosa tele, mpaka kijana akacheka katikati ya machozi akamsahihisha. Uji ukaisha. Nikapewa bakuli nishike. Nilisimama nalo. Ningeugua ugenini, ningemtaka yeye, si mimi. Nimeandika hivyo na sifuti.

Lakini baiskeli naitaka.

Jumamosi, 11 Julai.

Homa ya Odera imeshuka. Mabaharia wanasema kesho wataongozana na Mama kanisani kushukuru. Mimi ninao wangapi? Hata mmoja! Nimewaza mpaka chai ikapoa. Dawa nimeipata! Protase na Shaban, wapagazi wa kahawa, wanakaa Rwamishenye na kanisani kwetu hawajulikani. Protase ni Mkatoliki, Shaban ni Mwislamu, lakini vifua wanavyo vya kibaharia. Nimewaazimia makoti ya buluu kwa fundi cherehani. Nimewaagiza kwamba wametoka Shelisheli, hawajui Kiswahili wala Kihaya, wasitoe neno. Shaban aliuliza kama hii si dhambi. Nikamwambia ni ndogo. Nimewaahidi mkungu wa ndizi kila mtu.

Jumapili, 12 Julai.

Mama aliingia na kumi na mmoja, Odera katikati, amejifunga blanketi. Mimi nikaingia na wawili wangu. Mlangoni Protase akapiga ishara ya msalaba! Nikamnong'oneza mzee wa kanisa kwamba Shelisheli ndivyo wafanyavyo. Akaafiki! Ibada nzima hawakutoa neno. Baiskeli niliiona kabisa, na dinamo yake.

Baadaye tukaenda nyumbani kwa Mchungaji. Mkewe, Mama Anatolia, akapitisha kikapu cha kahawa ya kutafuna, anavyopewa mgeni yeyote Uhayani. Baharia mmoja akauliza kama ni dawa ya homa. Mwingine akatia mfukoni. Odera akauma, akakunja uso, akatema kwenye blanketi. Watu wakacheka. Ikafika zamu ya Washelisheli wangu. Wakapokea kwa mikono miwili, wakainama, wakatafuna taratibu kama wazee kilabuni, na Protase, maskini, akashukuru kwa Kihaya: Kasinge waitu!

Mchungaji akamuuliza kwa Kihaya yeye ni mtoto wa nani. Akataja baba, babu na ukoo. Ole wangu! Ikaonekana ana undugu na Mama Anatolia.

Baiskeli akapewa Mama Kokugonza. Mchungaji akanigeukia, na nilitamani ardhi ipasuke. Lakini Mama akasimama. Akasema mtu anayehangaika hivi kwa ajili ya wageni asifukuzwe, na kwamba yeye hajui kusoma wala kuendesha baiskeli, hivyo anaomba Ayubu awe msaidizi wake. Nililia mbele ya wote. Mwanamke mkubwa yule. Sina neno jingine.

Jumatatu, 13 Julai.

Meli imeondoka. Nimempakia Mama kwenye baiskeli kutoka bandarini hadi Kibeta, na njiani nimetubu. Hila basi! Ameniamini, akaniombea.

Mchana nimesikia kwamba kanisa moja la Muleba linatafuta mwinjilisti wa wavuvi wanaotua huko kutoka Uganda. Muleba hawanijui! Na kosa la jana lilikuwa moja tu, sikuwafundisha kutema. Nimekimbilia Rwamishenye na kikapu cha kahawa. Protase ametema vizuri mara tatu. Shaban amegoma. Anasema Waganda nao hutafuna kahawa kama sisi.

Nimemwambia asinifundishe kazi.