Kengele ya Rulon

Jumatatu, 6 Oktoba

Goti la Rulon limekwisha! Ametangaza leo kwenye kundi letu la simu. Daktari kamkataza kabisa kushuka miamba, hata kuendesha gari. Masikini. Nimemwandikia pole ndefu, kisha nikacheza peke yangu jikoni. Mke wangu Marva akauliza kama nimekanyaga kitu.

Haelewi. Rulon ndiye mwenyekiti wa kundi letu la baiskeli za milimani, na mwenyekiti ndiye anayetangulia kushuka. Kwenye usukani wake hufungwa ile kengele ya shaba. Anaigonga akiwa ukingoni, ndipo wengine tunamfuata. Sasa Jumamosi, kwenye mteremko wa Ngazi ya Bibi, atamfungia mtu mwingine. Nani? Hajasema.

Mimi naitaka. Miaka yote hii nakaa mkiani, naokota chupa za maji zilizodondoka na watu waliodondoka. Sijawahi kuchaguliwa kitu maishani. Hata kwaya ya kanisa walinichukua kwa sababu nina gari la kubebea viti.

Kikwazo ni kimoja tu: Janeal. Ana miaka zaidi ya sitini, anashuka miamba kama anatoka chumbani kwenda jikoni, na hajisifu. Watu wasiojisifu wananiudhi sana.

Jumanne, 7 Oktoba

Mkakati: umahiri. Kila jioni Rulon hupita mtaani kwetu na mbwa wake. Basi anikute naruka! Nikaegemeza ubao juu ya kreti za pichi mbele ya nyumba. Nikapunguza upepo kwenye matairi, kama wanavyofanya wakali, ili yashike vizuri. Huenda nilipunguza mno.

Rulon akatokea kwenye kona. Nikapiga ukelele ili asipitwe na uhondo. Tairi la mbele likalegea kama chapati, ubao ukaenda kushoto, mimi nikaenda kulia. Kulia ndiko liliko dungusi la Marva.

Rulon akauliza kama aite mtu. Nikamjibu niko sawa, leo nafanya mazoezi ya kuanguka. Akasema basi kwa hayo nimeiva, nihamie kwenye mengine. Mbwa wake alicheka, naapa.

Marva amenitoa miiba kwa kibano, mimi kifudifudi juu ya kochi, yeye anaongea na dada yake kwenye simu. Alimsimulia kila mwiba. Nikamsikia akisema, "Wee, siyo mguuni. Panda juu. Panda tena." Aibu gani hii!

Jumatano, 8 Oktoba

Siwezi kukaa, na leo nilikuwa na miadi kwenye kiti cha kliniki ya meno. Lakini bahati si ndiyo hii? Anayesafisha meno ya mji mzima ni Janeal! Nikapanga kumchimba. Je, anaitaka kengele au haitaki?

Utamchimbaje mtu aliyekujaza vyuma mdomoni? Kila swali langu lilitoka "aaa-ha". Akaongea yeye. Eti kaka Thayne, fizi zinatoa damu. Eti nasaga meno nikilala, nina wasiwasi gani? Nikasema "aaa". Eti mbona nakaa upande upande? Nikasema "aaa" ya uchungu.

Kisha akainama, akaninong'oneza. "Jumamosi wewe njoo mapema tu, kaka. Usichelewe. Mengine yatajipa yenyewe." Na akanikonyeza!

Yatajipa? Mengine yapi? Mama huyu ameshajipangia. Anataka niwepo nimpigie makofi. Sitampigia makofi! Nimerudi nyumbani na meno meupe na moyo mweusi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimepata! Sheria ya dereva!

Kundi letu halina dereva. Magari yetu tunayaacha chini, kwenye maegesho, tunapanda mlima wote kwa gari la Rulon, baiskeli kwenye trela. Lazima mtu mmoja aliteremshe gari wakati wenzake wanashuka kwa raha zao. Nani? Aliyefika wa mwisho maegeshoni. Hakuna udhuru wala machozi. Mtoto wa Rulon mwenyewe aliendesha siku yake ya kuzaliwa. Na dereva hashuki na baiskeli, na asiyeshuka hafungiwi kengele.

Basi Janeal awe wa mwisho. Tunakutana saa mbili asubuhi. Nimemtumia ujumbe: dada Janeal, nakukumbusha tu, ni saa tatu. Akinibana baadaye nitajipiga paji la uso, niseme nilichanganya na saa za Arizona. Nani atabisha? Mpaka upo pale nyuma ya kilima. Sisi Utah tunasogeza saa mbele kila Machi, wenzetu hawataki, kwa hiyo mpaka Novemba wanabaki nyuma yetu kwa saa nzima. Ukivuka, simu inajirudisha yenyewe. Ukirudi, inajisogeza. Kila mtu hapa ameshaumbuka. Rulon aliwahi kukuta harusi ya mpwa wake imebaki viti na mafundi wa muziki. Wajinga hawakosekani.

Janeal kajibu: asante kaka, unajali sana. Na ua. Nilijisikia vibaya karibu mpaka chakula cha jioni. Kulikuwa na viazi vya jibini, nikapata nafuu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Sibahatishi. Nalala huko huko. Marva akauliza kwa nini mtu mwenye kitanda alale garini, na mahali penyewe ni nusu saa tu. Nikamwambia ni maandalizi ya kiroho. Akanipa blanketi la paka.

Maegeshoni wamekataza kulala. Nimesogea mbele kidogo, nyuma ya kilima. Pazuri! Miamba myekundu, kimya, bure. Nimepita lile bango la Karibu Arizona, wamelipaka rangi upya, linapendeza. Jua linazama nikiandika. Nimetega simu iniamshe saa moja. Kutoka hapa ni dakika chache tu. Nitakuwa wa kwanza kufika, watanikuta nimekaa pembeni, nimetulia, mtu asiyehangaikia makuu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mungu wangu.

Simu iliniamsha saa moja kamili. Jua lilikuwa limepanda sana. Nikasema kweli jangwani kunapambazuka vizuri. Nikachemsha kakao. Nikapiga mswaki mara mbili, kwa heshima ya Janeal. Nikaondoka taratibu, napiga mluzi.

Maegesho yamejaa! Watu wote wamekaa juu ya trela wanakula maandazi. Na Janeal katikati yao! Nikaitazama simu. Ilikuwa inakaribia saa mbili. Ikaruka mbele ya macho yangu, ikawa inakaribia saa tatu.

Arizona. Nimelala Arizona! Mimi niliyezaliwa hapa!

Kumbe jana Janeal alimpigia Rulon kuuliza alete maandazi mangapi, akaijua saa. Wala hakunikasirikia. Amewaambia wote kwamba masikini kaka Thayne amejichanganya na saa za Arizona, tumsubiri, tusimwache. Wamenisubiri karibu saa nzima! Mtu utamchukiaje binadamu kama huyu? Nilijaribu.

Bautista, fundi bomba wetu, akanirushia funguo. "Dereva, shikamoo!" Wakacheka mpaka maandazi yakawapalia.

Kileleni Rulon akaitoa kengele ndani ya soksi. Akanitazama mimi. Akasema ilikuwa yangu. Aliamua tangu Jumatatu, na aliyenipendekeza ni Janeal. Kwa sababu tangu nianze kukaa mkiani, kundi hili halijawahi kumwacha mtu mlimani. "Ulitakiwa kufika tu, Thayne," akasema. "Kufika tu." Lakini sheria ni sheria, dereva hashuki. Akaifunga kwenye usukani wa Janeal.

Nikateremsha gari na trela tupu, Rulon kiti cha nyuma, madirisha wazi. Nikaisikia kengele ikigongwa juu kule, halafu vifijo vikishuka mwambani. Nililia kwenye kona. Nilitaka kuandika kwamba lilikuwa vumbi. Nililia.

Huku chini Janeal kanijia, vumbi mpaka kwenye meno. Anasema kengele si yake, ananitunzia tu. Safari ijayo ni Jumamosi, tarehe mosi Novemba, na kileleni atanifungia kwa mikono yake. Nisichelewe tu. Nikamkumbatia. Miiba iliyobaki ikanikumbusha Jumanne.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimekaa kanisani upande mmoja nikitafakari. Kosa langu nimeliona. Nilimwinda mtu asiye adui. Adui ni Bautista! Alicheka sana yule. Na wakati Janeal ananiahidi kengele, alikuwa pale karibu, anajifanya anafunga kamba za viatu. Anaitaka.

Nimemtumia ujumbe: kaka Bautista, nakukumbusha tu, tarehe mosi tunakutana saa tatu.

Na mimi nitalala kule kule nyuma ya kilima. Nimepapenda, na safari hii hakuna hatari. Redio imesema mwanzoni mwa Novemba tunarudisha saa nyuma, sisi na Arizona tunakuwa sawasawa. Nimefikiria kila kitu!

Marva anasema saa zinarudishwa Jumapili, siku moja baada ya safari. Nikamwambia mwanzoni ni mwanzoni, asinichanganye na mambo ya siku moja. Akaenda kulifua lile blanketi la paka, akasema nitalihitaji.