Bei Iliyokuwa Chini ya Kikombe

Jumatatu, 3 Machi

Msiba! Zahanati ya meno imenimaliza. Niliwaambia natoza kwa dirisha, na madirisha nilihesabu nikiwa ng'ambo ya barabara: sita. Kazi ya asubuhi moja, nikajisemea. Kumbe kila dirisha lina vipande kumi na tano vya kioo, vile vyembamba vinavyofunguka kwa mkono wa chuma. Na kila kipande kina pande mbili. Mia moja na themanini! Nimetoka pale saa kumi na mbili jioni, nimejikata kidole, na malipo hayafiki hata bei ya sabuni niliyotumia.

Mke wangu hakugomba. Ameuliza tu ngazi iko wapi. Ngazi ni ya kaka yake, shemeji yangu, ambaye naye ni muosha vioo na hatoki nyumbani bila futi kiunoni. Mimi humwita Bwana Futi. Anapima dirisha, anaandika, anapima tena. Utadhani anataka kulishonea suruali.

Mke wangu ameshaamua: nisipopata kazi ya maana kufikia Jumamosi, ngazi inarudi kwa mwenyewe, na mimi naifuata, niwe kibarua wake. Alisema hayo polepole huku akikunja nguo. Angepiga kelele ningepata nafuu.

Jumanne, 4 Machi

Nimejirekebisha. Kuanzia leo natoza kwa kioo, si kwa dirisha. Wa kunipata tena hajazaliwa.

Duka la samani limeniita. Nikataja bei ya kioo kimoja, kwa sauti nzito ya mfanyabiashara. Mwenye duka akakubali upesi mno. Nikageuka kutazama. Ukuta wote wa mbele ni kioo kimoja. Kimoja! Kutoka mlangoni hadi kona ya jengo, na juu hadi kwenye dari. Nimeosha saa tatu nzima. Amenilipa kioo kimoja, na bado akadai chenji.

Jumatano, 5 Machi

Sasa natoza kwa saa. Hapo hakuna mtego.

Ofisi ya wakili. Karani wake alisimama kunitazama, nami nikataka aone ufundi. Nikaosha kama niliyepandwa na kichaa. Dakika ishirini na tano! Karani akanipa hongera, halafu akanilipa dakika ishirini na tano.

Nimekaa bafuni muda mrefu bila kuoga. Nina miaka arobaini na miwili na sijui bei ya kazi yangu mwenyewe. Hilo limeniuma kuliko kidole.

Alhamisi, 6 Machi

Tumaini! Kampuni ya bima, lile jengo la ghorofa nne karibu na kituo cha mafuta, inatafuta mtu wa kuosha vioo mwaka mzima, mara mbili kwa mwezi. Bei ipelekwe kesho kabla ya saa nne asubuhi. Bwana Futi naye anaomba.

Nimekwenda kumwamkia mama mkwe. Bwana Futi anaishi kwake, lakini mimi nilikwenda kwa moyo safi kabisa. Mezani palikuwa na karatasi, mwandiko wa shemeji ule ulionyooka, juu pameandikwa Bima. Elfu sitini! Baada ya hapo yalikuwepo maneno mengine, ila mama mkwe alikuwa ameweka kikombe chake cha chai juu yake. Nikangoja anywe. Hakunywa. Aliniuliza habari za watoto, za mgongo wangu, za bati linalovuja. Na kikombe cha mkwe hakisogezwi. Nikasikia hatua za shemeji mlangoni, nikaaga.

Nilichokiona kinatosha. Nimeandika elfu arobaini na tano.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata! Nimepata! Meneja wa jengo aliisoma bei yangu mara mbili, akafuta miwani, akasoma tena. Akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia mimi ni mtu wa neno moja. Akaita watu wawili washuhudie nikitia saini.

Mke wangu amecheka! Sijamsikia akicheka tangu mwaka uanze. Alinikaangia mayai mawili, akakaa kunitazama nikila. Akasema huenda alinihukumu vibaya.

Hapo ndipo Bwana Futi akaingia kunipongeza. Akauliza kwa upole nimewezaje, maana yeye aliandika elfu sitini kwa kila ghorofa.

Kwa kila ghorofa. Hayo ndiyo yaliyokuwa chini ya kikombe.

Mke wangu alikuwa bado amekaa palepale. Ameondoa sahani kabla sijamaliza yai la pili.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeanza alfajiri. Vioo mia mbili na nane, leo ndiyo nimevihesabu. Hadi saa sita nilikuwa sijamaliza hata ghorofa ya pili. Nikatazama chini, nikamwona mke wangu amefika na ndoo yetu ya kufulia. Hakunisalimu. Akaanza vioo vya chini ambavyo sikuwa nimevifikia, na anaosha vizuri kuliko mimi. Nikashuka kumwomba radhi. Akasema nimpe kitambaa kikavu. Nililia kidogo, nikasingizia sabuni.

Saa tisa akaja Bwana Futi na mafundi wake wawili. Hakunisema hata kidogo, na hilo ndilo lililoniudhi. Alizungumza na meneja, ambaye tayari alikuwa anaogopa nitadondoka mbele ya wateja. Mkataba wangu umefutwa, kazi amepewa shemeji kwa bei yake. Mimi naanza ukibarua Jumatatu.

Njiani mke wangu ameniapisha: nisimtajie mtu bei tena maishani. Nimeapa, na nimeapa kwa dhati.

Jumapili, 9 Machi

Nimerudisha ngazi. Bwana Futi akaniambia nikamngojee garini, anionyeshe vifaa.

Mbele ya usukani kulikuwa na karatasi. Mwandiko ulionyooka. Hoteli. Laki mbili! Maneno mengine yalikuwa chini ya kofia yake.

Kazi moja tu kama hiyo, na mke wangu angecheka tena. Sitaki kingine.

Kosa la juzi sasa nimelielewa: nilipunguza mno. Safari hii napunguza elfu kumi tu, na barua naipeleka kesho kabla ya kazi. Kofia sikuigusa. Si adabu kupekua vitu vya shemeji.