Jina Lililo Mkononi mwa Elisante

Leo aibu imenikuta Uru, na niliipeleka mwenyewe.

Nilimsindikiza mtoto wa kaka yangu, Elisante, kupeleka mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa wazazi wa mchumba wake, Aika. Mimi ndiye msemaji. (Mtu ambaye safari yake ndefu ni kutoka jikoni hadi migombani, leo msemaji.)

Tatizo lilikuwa mkono wa Elisante. Alipokuwa kibarua Tanga alijichora jina kwa utomvu wa korosho: ROZI. Halifutiki. Vijana wa siku hizi, kwanza suruali za bugaluu, sasa hili. Bugaluu angalau huvuliwa. Ingawa, tuseme kweli, herufi zimenyooka kuliko mwandiko wangu wa sekondari, na nimeshamwomba anioneshe tena na tena.

"Shati la mikono mirefu," nilimwamuru. "Na usilikunje hata jua likuchome."

"Sawa, baba mdogo."

Tukapokewa vizuri. Nikasema maneno yangu, wakaitikia. Elisante akaambiwa awachotee wazee mbege. Akainama kwenye pipa, mkono wa shati karibu kulowa. Na mimi, kwa mazoea ya kumlea, nikasema mbele ya ukoo mzima: "Wewe, kunja shati. Unataka wazee wanywe jasho lako?"

Akaniangalia. Nikasisitiza. (Ndiyo, nilisisitiza.) Akakunja.

Bibi yake Aika hajui kusoma, lakini macho anayo. "Mjukuu wangu, hapo pameandikwa nini?"

Aika akasoma taratibu: "Rozi."

Kata ya mbege ikabaki hewani.

"Rozi ndiye nani?" Bibi aliniuliza mimi, msemaji.

"Ng'ombe," nikasema. Sijui lilitoka wapi. "Ng'ombe wangu. Elisante alimlea tangu ndama. Kule Tanga alimkumbuka mno."

"Ana maziwa?"

"Anajaza ndoo." (Sifa zitaniua.)

Bibi akanong'ona na wazee. Wakacheka. "Tumekubali. Kwenye mahari aje huyo Rozi mwenyewe."

Elisante akaitikia upesi kuliko anavyoitikia akitumwa majani ya ng'ombe. Aika akamwambia kwa sauti ndogo, "Mkono wa pili bado mtupu. Huo nitausimamia mimi."

Ng'ombe wangu anaitwa Neema. Jumamosi wanakuja kumwona. Tangu nirudi niko bandani namwita Rozi, na hata sikio hageuzi. Atakayecheka asimame mbali, ananichanganyia ng'ombe.