Floraidi Imemchumbisha Mama Mkwe Wangu

Nyamigogo,
Biharamulo.

Ndugu Daktari wa Meno Joyceline,

YAH: OMBI LA KUIONDOA FLORAIDI KINYWANI MWA MAMA MKWE

Natumaini hujambo na koleo zako hazijambo. Mimi ni Malongo, mkulima, baba yake Diana wa darasa la tatu, yule aliyekuuma kidole ulipokuja shuleni kuwapaka watoto floraidi kwenye meno. Kwa kidole, pole sana. Kwa mengine yote, mimi ndiye wa kupewa pole.

Mtoto alirudi nyumbani akatangaza kwamba floraidi ni madini yanayozuia meno kuoza. Daktari, hapa Biharamulo neno madini likitajwa watu hushika sururu, na mwenye eneo hushirikishwa. Mimi sikushirikishwa. Yaliyonipata ni haya:

1. Zamani mtoto akilamba sukari tulimwambia, "Jino litaoza," naye akaogopa. Sasa Diana ananijibu, "Baba, mimi nimeshapiga mswaki." Ni kweli huongeza kwamba ulisema sukari haifai hata hivyo, ila hilo hulisema kijiko kikiwa tayari mdomoni.

2. Hilo ningelimeza. Lakini mama mkwe wangu, ambaye kwa heshima ya Kisukuma jina lake silitaji, alikuja kututembelea wakati wa mavuno. Kila mwaka huja, na kila mwaka chai ya moto humchoma jino, hushika shavu, hulaumu hali ya hewa ya kwangu na kuomba asindikizwe stendi. Ndivyo tulivyoishi kwa upendo. Safari hii Diana alimpa dawa ya meno yenye floraidi, akamsimamia asubuhi na jioni kama mwalimu wa zamu: "Bibi, kiasi cha punje ya njegere. Tema. Usisukutue!" Wiki chache baadaye chai ikapita bila kelele. Mimi nikamwambia mke wangu Ernesta, "Mama hajashika shavu." Akanijibu, "Mungu ni mwema." Hatukuwa tunazungumzia jambo moja.

3. Tangu hapo anatafuna. Adabu hainiruhusu kumtazama mkwe akila, lakini masikio hayana mlango. Nasikia mihogo mibichi. Nasikia mifupa ya jogoo niliyemtegemea kuniamsha. Mbwa wetu amekonda, na akimwona mama anakaribia meza huondoka mwenyewe.

4. Mahindi ya nyumbani yalipokwisha, akaanza kwenda Lusahunga kwa Idefonsi, mgane anayechoma mahindi pale yanaposimama malori. Idefonsi akamwuliza, "Mama, hayo meno ni yako kweli?" Mama akacheka yote yakaonekana, akasema, "Ningeazima, si ningechagua makubwa zaidi?" Daktari, mwanamume akaunguza mahindi jiko zima. Jumapili iliyofuata alikuja kwangu na shati la kitenge na washenga.

5. Sasa fikiria vizuri. Idefonsi ni rika langu. Tulicheza timu moja, mimi nahodha, yeye mbeba mpira. Akimwoa mama mkwe, anakuwa baba mkwe. Nitamwamkia shikamoo! Naye ataitikia marahaba, tena taratibu, kwa kuinogesha. Nikimkuta njiani nitachepuka porini kwa heshima, na pori la huku lina miiba.

Kwa hiyo naomba: (a) uje uikwangue floraidi hiyo, (b) ikishindikana, umrudishie maumivu katika jino moja tu, hata la nyuma, (c) siku zijazo watoto wafundishwe kwamba dawa hii haitumiwi na wakwe.

Ernesta anasema nina wivu na choyo cha mahindi. Nimemwambia hili ni suala la kitaalamu.

Wasalimie wauguzi, mlinzi wa getini, na wagonjwa wote wanaosubiri kung'olewa.

Wako mwenye kuumia bila jino kuuma,
Malongo

Nyongeza: Barua hii ilichelewa kwa kukosa mtu wa kuileta mjini, na katika kungoja, jino langu mwenyewe lilianza kushtuka kwa kila kitu cha baridi. Nilinyamaza, lakini mama mkwe alisikia ninavyokunywa maji. Kwa kuwa hawezi kunikabidhi kitu mkononi, aliiacha dawa yake kwenye kigoda, akakohoa, akaenda zake. Nimeitumia. Daktari, jana nimekula muwa! Basi maombi (a) hadi (c) yafute. Harusi ni baada ya kupanda maharage, nawe umealikwa. Njoo na floraidi ya kutosha: nimewachunguza wazee wa upande wa bwana harusi, na wote wanatafunia upande mmoja.