Uzinduzi wa Mfereji wa Masomo ya Video, Kizwite hadi Milanzi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe baada ya aliyealikwa kupata udhuru, wazee wangu, shikamooni, wawekezaji wetu watarajiwa, popote walipo, ndugu zangu wakulima wa Ufipa, ndugu zangu mliokuja na ng'ombe kutoka Usukuma, wanafunzi wa kozi za mtandaoni, hususan wewe binti Scola uliyesimama pale na begi, itifaki imezingatiwa. (Makofi, mstari wa mbele tu.)

Katika zama hizi za soko huria, ambapo serikali imewaachia biashara wenye kuijua, Kamati yenu ya Elimu Mtandao, chini ya uongozi wangu ambao hata mimi unanishangaza, ilibuni projekti ya kuchimba mfereji wa kupitisha waya wa intaneti, ili video za masomo, ambazo ni kubwa na nzito, ziwafikie wanafunzi bila kukwama njiani. Nafurahi kutangaza kwamba utekelezaji umefikia asilimia tisini na sita. Kilichobaki ni waya, kompyuta na mwekezaji. (Kicheko. Mheshimiwa anapunga mkono.)

Yapo maneno kuhusu maharage. Ni kweli, Mzee Zenon, mkulima wetu wa hapa, alipoona udongo wa mfereji umepinduliwa na majani yamelala bure, alishindwa kuvumilia. Akayafukia yawe mbolea, akainua matuta kama walivyomlea wazee wake, akapanda. Wenzake wakafuata hadi Milanzi. Ripoti yangu imeyatambua maharage hayo kama manufaa mtambuka ya TEHAMA.

(Sauti ya Zenon: "Yameshakomaa, Mheshimiwa! Waya wako utasubiri tuvune!")

Naona mkono wa Scola. Sema, binti yangu.

("Shikamoo, Mheshimiwa. Mtihani wangu wa ukunga ni Jumatatu, nikifeli natolewa kozini. Video ya kumzalisha mama ambaye mtoto wake ametanguliza miguu sijaiona. Pale stendi inashuka kwenye kompyuta mpaka katikati, umeme unakatika, inaanza upya.")

Swali zuri sana, na maswali mazuri hayajibiwi kwa papara. Tutaunda kamati ndogo ya kuichakata changamoto hiyo kistratejia, kwa mtazamo shirikishi.

(Ngeleja, mchimbaji: "Mjibu mtoto wa watu! Mimi nimetoka Maswa kuja kuota sugu humu, kumbe namlimia mzee maharage!" Vicheko.)

Ndugu Ngeleja, uchovu wako tunauthamini. Kaa.

Kwa kumalizia, video oyee! (Watu wanatazama wingu.) Dijitali oyee! (Mtu anakohoa.) Mfereji oyee! ("Oyee!" Zenon peke yake.)

Namshukuru Mama Luciana kwa kutuazima televisheni hii ya hapa mezani. Aichukue sasa, wingu limeshatanda. Nawashukuru wachimbaji. Na wewe Scola, naona unaondoka. Nenda, mwanangu, basi la Mbeya halina itifaki. Ila ukifika huko ukaitazama hiyo video, utuchukulie nakala, kwa sababu sisi wa Kamati hatujawahi kuwa na video ya somo hata moja, na mwezi ujao tumeshaandaa hafla ya kukukabidhi nakala hiyo.

Asanteni kwa kunisikiliza.