Mashine Moja Dhidi ya Mbu Wote wa Dunia

Jumatatu, 6 Mei 2024

Nimepona. Malaria ya tatu tangu mwaka uanze! Suruali inazunguka kiunoni kama ya kuazima. Imetosha. Leo nimetangaza vita na mbu.

Silaha nimeipata kwa simu. Binti yangu Laetitia, anayesoma Kindu, amenieleza kwamba iko programu mtu anaiweka kwenye kompyuta yake, na kompyuta ikikosa kazi, inawasaidia hesabu wataalamu wanaotafuta dawa ya malaria. Hesabu zao ni nyingi kuliko mashine zao, kwa hiyo wanazigawa vipandevipande kwa watu wa dunia nzima. Kipande Brazili, kipande Japani. Sasa kipande Kasongo! Kwangu, sekreteria La Précision, duka langu la kuchapa mbele ya soko: kompyuta moja ya kukunja, printa moja. Printa inatafuna karatasi, lakini si kila siku.

Nimeiweka mchana. Megabaiti zote za juma zimekwisha. Programu ikauliza jina. Nimeandika: Profesa Bruno. Si uongo. Nilifundisha darasa la nne miaka miwili.

Baadaye amekuja Yvette, mwanafunzi wa uuguzi, na TFC yake, ile kazi ya kumaliza masomo. Kurasa sabini na nne za mkono, mwandiko wa sisimizi. Anaitetea mbele ya juri Jumamosi tarehe 18. Akauliza kama siku kumi na mbili zitanitosha. Nimecheka. Nimemwambia kwangu siku sita ni nyingi.

Jumanne, 7 Mei

Hesabu ya kwanza imeanza saa moja asubuhi. Saa sita: asilimia kumi na moja. Mashine inahema kama mbuzi aliyekimbizwa. Najivunia sana.

Nimechapa kurasa tatu za Yvette. Polepole. Nagonga herufi M, naenda kunywa maji, narudi, M imefika. Sayansi inataka subira.

Shida ni Anastasie. Mke wangu anauza juisi ya baridi barazani, na friza yake inakula umeme wa pano ileile ya jua na batri ileile. Leo kulikuwa na mawingu. Batri ilitosha mmoja tu. Nilichagua wanadamu wote. Anastasie amesema juisi yake ya mananasi imekuwa chai. Nimemweleza kwamba kila kikombe cha moto ni mchango wake kwa tiba. Akauliza kama wanadamu wote watakuja kuinunua hiyo chai. Kuna maswali ambayo mwenye hekima anayaacha yapite.

Alhamisi, 9 Mei

Nina pointi! Hesabu mbili zimekubaliwa. Nimefungua orodha ya Kongo nzima kujitafuta. Mimi wa thelathini na saba kati ya thelathini na nane. Wa mwisho hajawasha mashine tangu mwaka juzi.

Nikapandisha kidole polepole, kuona wakubwa ni nani. Wa tatu: Faradji, Kasongo, tangu 2022.

Nimesoma mara nne. Faradji! Jirani yangu ng'ambo ya barabara! Mwenye mashine tatu, printa ya rangi, na kiti cha mteja kukalia! Miaka miwili anapigana na mbu wangu, kimya, bila kuniambia!

Nimevuka barabara. Akanipokea kwa salamu ndefu kama kawaida yake: habari za nyumba, habari za Mama Laetitia, pole kwa homa. Nikamwuliza, kama mtu anayeuliza bei ya fotokopi, kama ile habari ni ya kweli. Akasema ndiyo, mashine zake zikipumzika anaziacha zisaidie. Mbona hakusema? Akasema hakujua kama ni jambo la kusemwa.

Majivuno gani haya!

Miaka yake miwili siwezi kuifikia. Lakini iko orodha ya pili: pointi za juma moja tu. Hapo tutaonana.

Jumamosi, 11 Mei

Jeshi limeongezeka. Papa Hippolyte, chefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, ameleta kompyuta yake niitoe virusi. Nimevitoa kwa dakika ishirini. Nimemwambia ugonjwa umeingia ndani sana, aniachie juma moja. Mashine ya pili!

Vumbi na wadudu wanaingia mno kwenye mashine. Nimefungua mustikeri, chandarua cha kitanda chetu, nimezifunika zote mbili. Safi kabisa. Anastasie akauliza sisi tutalala chini ya nini. Nimemwambia askari vitani haulizi blanketi. Amehamia chumba cha Laetitia. Huko chandarua kipo.

Yvette alipita. Niko ukurasa wa ishirini na tisa. Uso wake haukufurahi. Ameniambia alitembea kwa miguu Lusangi yote, nyumba mia mbili na kumi na mbili, mlango kwa mlango, kuhesabu ni nani analala ndani ya chandarua na ni nani hapana, na kwa nini. Utafiti wa malaria, basi! Mdogo, lakini tumpe moyo. Kisha akatazama mashine zangu muda mrefu, akauliza nimezifunika kwa nini. Nikasema chandarua. Akatoa daftari, akaandika kitu.

Binti msikivu. Anapenda kujifunza.

Jumatatu, 13 Mei

Orodha ya juma. Faradji: 2,140. Mimi: 610.

Na leo nimepoteza kikosi. Papa Hippolyte alikuja bila kupiga hodi, akakuta kompyuta yake inafanya kazi, asilimia zinapanda. Akauliza ni uchaguzi gani huo, na kwa nini yeye kama chefu hakuarifiwa. Nilipomweleza, akaigusa. Akasema ina moto kama muhogo wa kuchoma. Ameondoka nayo kwapani, anaipepea kwa kofia.

Mashine yangu nayo inajizima yenyewe kwa joto kila baada ya nusu saa. Nimeipepea. Nimeiweka juu ya matofali. Nimeilaza juu ya majani mabichi ya ndizi. Bure.

Sitashindwa na joto.

Jumanne, 14 Mei

Siku kubwa! Asubuhi nimegonga nukta ya mwisho ya Yvette. Kurasa zote sabini na nne ziko ndani ya mashine. Yeye mwenyewe alikaa pembeni yangu siku nzima ya jana na asubuhi ya leo, ananisomea, anasahihisha, anapanga upya majedwali. Alitoka hapa anaimba. Kesho naprinti.

Na nilipokuwa nanyoosha mgongo, nikaiona. Friza.

Anastasie amekwenda matanga kwa dada yake, atarudi kesho. Nimetoa juisi. Nimeweka mashine ndani, wazi, imekaa vizuri kama mtoto. Waya umepita ukingoni, kifuniko nimekigandamiza kwa jiwe. Baada ya saa moja nimechungulia. Haijazimika! Inakimbia! Asilimia thelathini kwa saa moja!

Nimekwenda kutembea mbele ya duka la Faradji, mikono nyuma, polepole. Nikarudi. Nikapita tena.

Jumatano, 15 Mei

Imekufa.

Jua halikutoka, batri ikaisha, friza ikazimika, barafu ya kuta ikayeyuka. Nimeinua kifuniko nikakuta mashine inatoka jasho kila mahali. Nimeiinamisha. Maji yalimwagika kutoka kwenye herufi. Nimeizika ndani ya gunia la mchele wetu, nimekaa juu ya gunia. Anastasie amerudi, ameona juisi sakafuni, ameona gunia, ameniona mimi. Akachukua tambara, akapiga magoti kufuta.

Saa nane Yvette amekuja na karatasi ya rangi ya jalada. Nilianza kueleza habari za unyevu na hali ya hewa. Akaweka jalada chini.

"Papa Bruno, niambie ukweli tu. Kazi yangu iko, ao haiko?"

Nikasema sijui.

"Ile ya mukono nilitupa jana, tulipomaliza. Mama aliwasha nayo moto." Kisha akasema kwa sauti ndogo: "Siku tatu. Nitarudi kuuliza nyumba mia mbili kwa siku tatu?"

Hakulia. Alikaa juu ya tofali langu la kupozea mashine, akawa anahesabu kwa vidole majina ya watu. Wale wa Lusangi aliokuwa bado anawakumbuka.

Sikupenda kumwona hivyo. Nimewahi kuharibu picha za paspoti, vyeti vya ubatizo, hata mwaliko wa harusi moja, lakini hii ilinikaa hapa kifuani.

Barabara kati yangu na Faradji ina hatua kumi na nane. Nimezihesabu leo kwa mara ya kwanza, gunia la mchele mikononi.

Alhamisi, 16 Mei

Faradji hakucheka. Ningemwelewa kama angecheka. Alipangusa mchele, akafungua mashine kwa bisibisi, akatoa diski, akaikausha kwa kitambaa na kuiacha mbele ya feni mpaka leo. Kisha akaifunga kwenye mashine yake kubwa. Kabla ya hapo alisimamisha hesabu zake zote tatu. Nilishtuka. Nikamkumbusha pointi za juma. Akajibu bila kugeuka:

"Mutoto anangojea, Papa Bruno. Mbu watangojea."

Tulikaa wanne: yeye, mimi, Yvette, na Anastasie aliyeleta juisi, akatoa vikombe vitatu. Faili zilitokea moja moja. Hati za ubatizo. Barua yangu kwa gavana. Halafu: TFC Yvette. Kurasa sabini na mbili. Mbili za mwisho zimekuwa alama za ajabu, lakini hizo Yvette alizijua kwa moyo.

Anastasie akamkumbatia binti. Mimi nikatazama ukuta. Pale ukutani iko picha ya mtoto mwenye mavazi ya Idi. Nikauliza. Faradji akasema ni Chadia wake, malaria ilimchukua akiwa na miaka minne. Mwaka uliofuata ndipo alipoiona ile programu.

Nimerudi nyumbani. Sikufungua orodha mpaka jioni.

Pointi ni pointi, lakini. Alikuwa 2,300 alipozima.

Jumamosi, 18 Mei

Yvette ameshinda! Mimi, Anastasie na Faradji tulikaa safu ya pili. Nimevaa koti. Juri walimwuliza maswali mengi, amejibu yote, hata lile la mzee mwenye miwani aliyetaka kujua kwa nini watu wana vyandarua na bado wanaugua. Akasema amekuta vyandarua vinafuga vifaranga, vinavua samaki, vinalinda mboga. Na hapa mjini Kasongo, akasema, amekuta mtu mzima amezifunika kwa chandarua kompyuta zake zinazotafuta dawa ya malaria, na yeye analala wazi.

Ukumbi mzima ulicheka. Mimi pia nilicheka, sana, mpaka Anastasie akanikanyaga mguu. Ndipo nikaelewa.

Mkuu wa juri amesema matokeo yake yatapelekwa kwa watu wa afya, ili wajue Lusangi waanzie nyumba zipi. Distinction, alama za juu! Mama yake alipiga vigelegele. Yvette akaja akatushika mikono, Faradji kwanza.

Nimefurahi kweli. Ila inashangaza jinsi watu wanavyopigia makofi nyumba mia mbili na kumi na mbili, wakati mimi peke yangu nimeshapiga hesabu milioni.

Jumatatu, 20 Mei

Mashine imefufuka! Faradji amesafisha kila kitu, amebadilisha kipande kimoja. Herufi R haifanyi kazi, lakini R si herufi ya lazima. Amekaa nami saa nzima kunionyesha mipango ya programu: ifanye kazi mashine ikiwa haina mtu tu, ipumzike ikipata joto, isiguse umeme wa friza. Nimeitikia kwa kichwa kila mara. Kisha akaniambia jambo, kwa wema wake wote: mwezi huu mashine zake hazitapiga hesabu hata moja. Wanafunzi wa mtihani wa taifa wanahitaji fomu na picha, atawahudumia kwanza.

Mwezi mzima! Faradji amelala!

Nimetafakari makosa yangu kwa uaminifu. Kosa ni moja: umeme wa Kasongo. Mtu wa vita vikubwa hawezi kutegemea mawingu. Binamu yangu Emile yuko Salamabila, kwenye migodi ya dhahabu, na huko jenereta hazizimwi mchana wala usiku. Nimempigia simu. Amesema niende na godoro. Naondoka kesho alfajiri kwa pikipiki, mashine kifuani ndani ya koti. Anastasie nimemwambia ni safari ya kazi. Amenifungia chakula haraka kuliko nilivyotazamia.

Nilipokuwa napanga mizigo, mwalimu Octave amekuja na daftari lake. Historia ya ukoo wao wote, kurasa mia moja na tisa, ameiandika miaka kumi na mmoja akiwauliza wazee, na wengi wao sasa hawapo. Nakala ni hiyo moja. Anataka ichapwe kabla ya mkutano wa familia, Jumapili ijayo. Akauliza kwa wasiwasi kama nitapata nafasi, maana amesikia nasafiri.

Nimelipokea. Nimemwambia asihangaike hata kidogo. Njia ni siku mbili, nitakuwa nimekaa nyuma ya dereva, na mikono yangu haitakuwa na kazi.